Makangaga ya Mama Mkwe

Nianze na ukweli: siyapendi makangaga. Wageni wanaofika huku kwetu milimani na kamera zao hupiga magoti mbele yake, wakaguna kwa raha kama watu waliopewa chai ya maziwa wakati wa baridi. Mimi nikiliona kangaga kiuno kinaniuma. Nimeyang'oa, nimeyachoma, nimeyabeba mgongoni, nimeyapanda upya kwa mikono hii hii iliyoyakata, na yote hayo kwa sababu ya mwanamke mmoja ambaye tulichukiana naye tangu siku ya kwanza. Ni mama wa mume wangu.

Kwa asiyejua, kangaga ni ule mmea usiotoa ua wala tunda. Jani lake changa hutoka ardhini limejikunja kama mkia wa kinyonga, kisha hujikunjua likawa na vijani vingi vilivyopangana pande mbili. Ukiligeuza utakuta mgongoni vidoa vya vumbi la kahawia, na vumbi hilo ndilo linalozaa mengine. Watu wengi huishia hapo. Kangaga ni kangaga, basi. Na mimi niliishia hapo hapo, na hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Mimi ni mtu wa ziwani. Nilizaliwa kando ya Ziwa Nyasa, kusini kidogo ya Mbamba Bay, nyumba yetu mlango ukitazama maji. Kwetu ardhi ni mchanga. Tunapanda mihogo, tunaanika usipa, wale dagaa wetu, na mtu akitaka kulima anakwaruza tu chini anatia mbegu. Mume wangu ni fundi uashi, Mmatengo wa huku juu upande wa Litembo. Alikuja kwetu kujenga madarasa, akanioa. Nilikuwa Mwanglikana nikawa Mkatoliki kwa ajili yake, nikadhani jambo gumu nimeshalimaliza. Wapi!

Siku niliyofika nilipiga goti. "Shikamoo mama." "Marahaba," akajibu, halafu akanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaitazama. Akamwambia mwanawe maneno kwa Kimatengo na watu wakacheka. Nilipomuuliza mume wangu amesema nini, akaniambia, "Anasema karibu." Muongo mkubwa! Miaka miwili baadaye jirani aliniambia maneno yenyewe. Alisema, "Umeniletea mikono ya kuparua samaki."

Yeye hakujua Kinyasa, mimi sikujua Kimatengo, kwa hiyo ugomvi wetu wote tuliufanya kwa Kiswahili. Kiswahili chake alikipata kanisani, kwa hiyo hata akikutukana alitukana polepole na kwa ufasaha, kila silabi mahali pake. Sijui kama mtu amewahi kukuita mvivu kwa sauti ya kusoma somo la Jumapili. Inauma kuliko kupigiwa kelele.

Desturi ya huku ni kwamba mkwe mpya hupewa shamba lake alime, watu wamtazame. Mimi nilipewa kipande cha mteremkoni kilichochoka, kimejaa kangaga lile la mashambani, refu la kufika kiunoni, lenye mizizi inayotambaa chini kama kamba. Unaling'oa leo, wiki ijayo limechomoza hatua mbili mbele. Mama mkwe alinionyesha mipaka kwa kidole. "Hili lako," akasema, akaenda zake. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa ameegemea mpini wa jembe akinitazama. "Shemeji, huko kwenu mnalimaga nini? Mawimbi?"

Nilimjibu kwamba huko kwetu wanaume hawaegemei majembe. Hakunisamehe.

Na kilimo chenyewe si cha kukwaruza. Wamatengo wanalima ngoro. Mwanamume anafyeka nyasi, anazipanga mteremkoni kwa mistari inayokatana mpaka shamba lote liwe miraba miraba. Mwanamke anakuja na jembe, anachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi. Kinachobaki ni shimo katikati na tuta pande zote nne, na mbegu zinakaa juu ya tuta. Mvua ikija inatuama shimoni, udongo haukimbii bondeni, na nyasi zikioza zinalisha maharage. Ukitazama mlima kwa mbali umejaa vishimo kila mahali. Ni kazi nzuri, nakubali. Lakini bila nyasi huna ngoro, na bila mwanamume wa kuzikata huna nyasi. Shikilia hilo.

Kichwani mwa mlima wetu kuna msitu. Si mkubwa, unauzunguka kwa miguu asubuhi moja, lakini ndani yake kuna ubaridi wa kuumiza meno, ukungu haukauki, na pembeni mwa mwamba kuna chemchemi inayonywesha nyumba zote za ukoo. Wiki yangu ya kwanza mama mkwe alinipeleka kuchota maji. Pale ukingoni nilikuta makangaga ambayo sijawahi kuyaona. Moja lilikuwa na shina kama mgomba na miiba kwenye vikonyo. Jingine lilikaa juu ya miti mingine bila kugusa ardhi. Lilikuwepo lenye unga mweupe mgongoni ulioganda mkononi kama poda, na lililozaa watoto kwenye ncha ya jani, jani likainama mpaka chini likawatua. Jingine lilikuwa limejikunyata kwenye gome, kavu kabisa, nikadhani limekufa. Mama mkwe akalimwagia maji ya kiganja, na tulipomaliza kuchota lilikuwa limeshaanza kujikunjua, kijani.

Alisimama mbele ya kila moja, akalitaja kwa Kimatengo, akanitazama.

"Rudia," akasema.

"Mama, mimi nimekuja kuchota maji."

"Rudia."

Niliinama nikachota. Alisubiri, akaona sisemi, akaenda kwenye kangaga jingine akalitaja jina lake, akasubiri tena. Alifanya hivyo mpaka mwisho, na mimi sikufungua mdomo. Nilijiambia: mikono yangu umeidharau, ulimi wangu hutaupata. Tulipotoka alisema neno moja tu la Kiswahili. "Hapa hapakatwi kitu."

Miaka miwili nilipigana na lile kangaga la shambani. Nililing'oa, nikalianika, nikalichoma, na nikalishinda. Mwaka wa tatu moto wa mtu asiyejulikana ulipanda mlima wakati wa kiangazi ukala nyasi zote za upande wetu. Nyasi zilizobaki zilikuwa mbali, ng'ambo ya bonde. Mume wangu alikuwa Mbinga mjini akijenga nyumba ya mtu, anarudi Jumapili akirudi. Kwa desturi, mdogo wake ndiye alitakiwa kunikatia. Nilimwomba mara ya kwanza kwa heshima. Mara ya pili nilimwomba mbele ya watu. Akasema, "Mke wa mtu akatiwe na mumewe." Nikaenda kwa mama mkwe. Alikuwa anapepeta maharage, hakuinua uso. "Subiri," akasema.

Nisubiri nini? Mwezi wa tatu ulikuwa umeingia, wenzangu wote wanafukia nyasi zao na kupanda maharage, mimi nina mtoto mgongoni na mwingine tumboni, shamba langu liko wazi kama uwanja wa mpira. Niliona wazi mpango wao. Wanasubiri nishindwe, waseme si tulijua. Hasira ilinipanda mpaka nikaona giza.

Nikachukua mundu nikapanda msituni. Nilijiambia: kangaga ni adui yangu, nimelichoma miaka miwili na hakuna aliyelia. Haya ya chemchemini ni ndugu zake. Majani ni majani, chini ya udongo yote yataoza. Nilikata siku mbili. Nilikata lenye miiba, lenye unga, lenye watoto, nilikwangua hata yale ya kwenye mawe. Nilibeba mizigo kwa njia ya nyuma, nikaipanga mistari mimi mwenyewe, mwanamke, nikafukia, nikasawazisha, nikapanda. Shamba langu likawa zuri kuliko ya wote. Shemeji alipita akatazama, akaenda zake. Nilijiona mjanja sana, Mungu wangu!

Mvua za mwezi wa nne zilianguka juu ya ukingo usio na kitu. Yale niliyoyaita majani ndiyo yaliyokuwa yameushika udongo ule na mizizi yake, kila aina mahali pake, lingine kwenye mwamba, lingine kwenye tope, lingine kwenye kivuli. Ukingo ukaporomoka juu ya chemchemi. Maji yalitoka matope wiki nzima, halafu hayakutoka. Ukoo mzima ukaanza kushuka bondeni kuchota mtoni na kupanda na ndoo kichwani, wazee kwa vijana, na huu mlima wetu unapandwa kwa kushika magoti. Kila nilipopishana na mwanamke mwenye ndoo nilitazama chini.

Mama mkwe alikuja mlangoni kwangu asubuhi, peke yake. Mkononi alikuwa na kikonyo kimoja cheusi chenye miiba. Hakuketi.

"Nimekikuta shambani kwako. Mvua imekiosha."

Nilitazama ile miiba.

"Nikisema kwenye ukoo, utarudi ziwani. Watoto watabaki. Ndivyo ilivyo huku." Akatazama tumbo langu. "Na huyo atafuata akiacha kunyonya."

Nililia. Sitaficha, nilimwangukia miguuni, mimi niliyekataa hata kurudia neno lake moja. Alingoja nimalize. "Utarudisha yote," akasema. "Kila aina. Kila Jumamosi utakwenda. Siku utakayoacha, nitasema."

Basi ndiyo ikawa Jumamosi yangu. Wenzangu walikuwa wanakwenda sokoni, wanasukana, wanafua, mimi napanda mlima. Kwanza alinifanya nitengeneze ule ukingo uliobomoka kwa ngoro: nyasi, mistari, miraba, mashimo. Yeye alikaa juu ya jiwe akinisimamia, na kila tuta lilipokosea aliniambia nibomoe. Chemchemi ilipoanza kutoa maji tena, kidogo kama ya kukamua kitambaa, akasema sasa nianze kupanda. Nilipenya ndani ya msitu, kwenye makorongo ambayo hata wanaume hawaendi, nikatafuta aina moja moja, nikachimbua na udongo wake, nikaileta.

Nilidhani ni kazi ya mwaka mmoja. Thubutu! Lenye unga lilikufa mara tatu kwa sababu nililipa tope na lenyewe linataka jiwe kavu. Lenye watoto lilikataa jua. Lile la juu ya miti lilioza kila nilipolitia ardhini, mpaka nikaelewa kwamba linataka kubebwa tu, halitaki kazi, nikaliita Shemeji. Lenye miiba lilinichana mikono mpaka leo alama zipo, nikaliita Mama Mkwe. Kila moja nililipa jina langu la Kiswahili, la hasira, nikalitamka moyoni wakati yeye akitaja lake la kweli kwa sauti. Yake yote niliyasikia, yote yaliniingia kichwani kwa lazima, kwa sababu ndiyo aliyoniagizia. "Leta lile," analitaja. Nami nalileta, bila kulitaja. Sikumpa hata neno moja.

Alikuwa na hesabu yake kichwani. Nikipanda aina ikashika, ikatoa jani jipya, anaiangalia, anainusa, anasema, "Bado kumi." Miezi inapita. "Bado tisa." Watoto wangu walizaliwa, wakabatizwa, wakaanza shule. "Bado nne." Mume wangu aliwahi kuuliza kwa nini kila Jumamosi nakwenda msituni na mama yake. Nikamwambia tunasali. Alifurahi, masikini.

Halafu ikafika "Bado moja," na hapo tukakwama.

Hiyo moja ilikuwa kangaga jembamba kuliko yote, jembamba kama ganda la ndani la kitunguu, ukiliweka juu ya kidole unaona kucha. Alinieleza akanieleza. Linakaa kwenye mwamba unaotoka jasho, giza, mahali maji yanapumua. Nilitafuta msitu wote, halikuwepo. Nikatafuta milima ya jirani. Nilishuka mpaka makorongo ya upande wa Kingerikiti, siku nzima kwa miguu, niliteleza kwenye jiwe nikavunjika mkono wa kushoto, nikarudi nimeufunga kwa kanga. Mama mkwe aliutazama ule mkono. "Umelipata?" "Sikulipata." "Bado moja," akasema.

Siku hiyo nilimwombea mabaya. Nalisema hapa hadharani, na padri wangu alishalisikia. Niliomba afe kabla ya Jumamosi.

Hakufa. Watoto walikua, wa kwanza ameshaanza kazi, miguu ya mama mkwe ikamwisha, akawa mtu wa kukaa barazani. Na bado kila Jumamosi nikirudi alikuwa ananyanyua kidevu tu, na mimi natikisa kichwa, naye anasema, "Bado moja." Miaka ishirini, jamani. Hofu ile haikuisha. Hata watoto walipokuwa wakubwa wa kutoweza kunyang'anywa, mimi bado nilikuwa yule mwanamke mwenye mimba mlangoni, naogopa kikonyo kimoja kutajwa mbele ya ukoo.

Juzi juzi hapa, kahawa ilipoanza kumpendeza kila mtu, shemeji alianzisha maneno. Msitu ule umekaa bure, alisema, ni pori la makangaga, ugawanywe watu wapande mibuni. Kikao cha ukoo kikapangwa. Na wiki hiyo hiyo akafika binti mmoja mtafiti wa chuo kikuu, kwa bodaboda kutoka Mbinga, matope mpaka magotini. "Shikamoo mama. Nimeambiwa wewe unaujua msitu." Alikuwa anahesabu aina za makangaga ya milimani. Nilitaka kucheka. Kuna mtu anafanya hivi kwa hiari yake!

Nilimpeleka. Alitambaa pale chemchemini mchana kutwa kama mtu aliyeangusha pete, akipiga picha kwa simu, akishangaa. "Mama, aina zote hizi mahali padogo hivi!" Akanieleza kwamba ukungu unaopanda kutoka ziwani ndio unaoyalea, kwamba kila hatua ya mlima ina ya kwake, na msitu kama huu ukikatwa hayahami. Yanakwisha. Kisha akakuna kichwa. "Ila kuna jambo silielewi. Makangaga hayajipangi. Haya yamekaa kwenye miraba."

"Ya huku ndivyo yalivyo," nikamwambia.

Akauliza wenyeji tunayaitaje. Majina ya kweli nilikuwa nayo yote mdomoni, kwa Kimatengo safi. Lakini niliona uso wa yule mwanamke akisema rudia, na ulimi ukaniwasha. Nikampa yangu. Akaandika kwenye daftari lake kwa adabu zote: Shemeji. Mama Mkwe. Na mengine ambayo hayafai kuandikwa hapa.

Alipokuwa anafungasha alilala kifudifudi tena, akapenyeza mkono na taa ya simu kwenye ufa nyuma ya mahali maji yanapotokea. "Loo, mama, njoo uone." Nikalala kando yake kwenye tope. Ndani ya ufa, mwamba wote ulikuwa umevikwa kangaga jembamba kama ganda la kitunguu, linang'aa, pana kama mkeka wa kulalia.

"Hili ni la zamani sana," binti akasema. "Halikui haraka. Hapa halijaguswa miaka na miaka."

Nilitazama ule ufa. Mundu haungeingia humo. Sikuwahi kulikata. Halikuwahi kupotea.

Nilirudi nyumbani jioni. Mama mkwe alinyanyua kidevu kutoka barazani. Nilipita bila kutikisa kichwa. Kikao kilikuwa kesho yake na nilijua nikifungua mdomo usiku ule nitasema kitu ambacho hakirudishiki.

Kikaoni tulimleta yule binti aeleze, na kwa sababu yake watu walizungumza Kiswahili. Mama mkwe alibebwa kwenye kiti akawekwa karibu na mzee wa ukoo. Shemeji akasema maneno yake ya mibuni, na wengi walitingisha vichwa kumkubalia. Nikasimama nikasema msitu usiguswe, maji yatakufa. Halafu binti akafungua daftari akaanza kusoma, aina kwa aina, pamoja na jina la wenyeji. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Hili hukaa juu ya miti mingine," akasoma, "halina mzizi ardhini. Jina lake la hapa ni Shemeji."

Kikao kilipasuka kwa kicheko. Wanawake walijifunika kanga usoni. Binti alitazama huku na huku, hajui amekosea nini. Na shemeji akasimama, mishipa imemtoka shingoni, akaninyooshea kidole.

"Huyu anayejifanya kuyatetea ndiye aliyeyakata! Mwaka ule wa matope chemchemi aliiua huyu, na mundu wake! Akayafukia shambani!"

Miaka ishirini nilikuwa naisubiri sentensi hiyo. Nikasubiri ukelele wa watu.

Hakuna aliyeshtuka. Mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Si tunajua," akaendelea kufunga mbeleko ya mtoto wake. Mzee wa ukoo akasema, "Hilo lilikwisha siku nyingi. Kaa chini."

Walijua! Wote, tangu wiki ile. Mtoto yeyote wa Kimatengo akipita kando ya shamba anajua chini ya tuta kuna nini. Nyasi huoza, vikonyo vya makangaga haviozi upesi, vilichomoza vyeusi kwenye matuta yangu yote, na maharage yakaota ya njano. Mimi mtu wa mchanga nilidhani udongo unaficha. Mzee akaeleza taratibu, kana kwamba naulizia njia ya kwenda sokoni, kwamba walikuwa wameshakubaliana nirudishwe kwetu. Mama mkwe ndiye aliyesimama mbele yao akakataa. Alisema aliyekata atarudisha, na mtu asimguse wala asimwambie neno mpaka amalize. Kwa hiyo kila Jumamosi niliyopita na kikapu nikijificha, walikuwa wananitazama nikienda.

Nilikaa chini. Mama mkwe akainua mkono.

"Amerudisha zote," akasema. "Nimezihesabu mwenyewe kabla miguu haijaniacha. Ninyi mliozaliwa hapa, nani amerudisha hata jani moja? Msitu hauguswi." Akamtazama mwanawe. "Na wewe keti. Jina limekufaa."

Msitu haukugawanywa. Watu wakaondoka wakicheka, na mimi nikabaki na mama mkwe, kwa sababu alikataa kiti. Alitaka kutembea. Nikamshika mkono, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, tukaanza kushuka hatua kwa hatua. Nilisubiri mpaka tukawa peke yetu.

"Mama. Na ile moja?"

"Ipi?"

"Usinifanye mtoto! Ile nyembamba. Nimeiona jana ufani. Mundu wangu haukuifikia."

"Haukuifikia," akasema.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Nimevunjika mkono! Miaka yote unaniambia bado moja, bado moja, kwa kitu ambacho hakikupotea! Nimekukosea nini zaidi ya kile nilichokosea?"

Alisimama kupumua. Alitazama mteremko, shamba langu lile la kwanza, siku hizi lina mibuni.

"Nilikuchukia," akasema, kwa kile Kiswahili chake cha kanisani. "Sikutaka wakufukuze wao. Nilitaka uchoke mwenyewe, ufunge vitu vyako, uondoke. Kila Jumamosi niliomba usiende. Ukaenda." Akavuta pumzi. "Baadaye miguu yangu ilikwisha, nikaona nikisema zimetimia, utaacha. Na nani mwingine angekwenda?"

"Na mimi nilikuchukia, mama. Mpaka leo."

"Najua. Binti amenisomea daftari lake. Lile la miiba umelipa jina langu."

Tulishuka kidogo tena. Uzito wake wote ulikuwa kwenye mkono wangu ule uliovunjika, na sikuuhamisha. Karibu na nyumba akasimama, akalitaja lile kangaga jembamba, jina lake la Kimatengo. Akanitazama usoni.

"Rudia."

Nililijua jina hilo kuliko jina la mwanangu. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza mbele yake nikalisema, nikalikosea makusudi.

"Umekosea," akasema. "Rudia."